Maziwa ya Pongwe na leseni iliyochaguliwa kwa kubofya

Simu iliingia usiku, saa tatu na ushei, na mwenzangu hakunisalimia. "Kaka, wameniibia programu."

Nikamwambia atulie, anieleze. Jioni ile alikuwa Muheza kwenye shughuli ya ndugu, na mwenyeji wake, ambaye naye ni mfugaji, alimwonyesha risiti ya kituo chao cha maziwa, iliyotoka kwenye programu waliyouziwa na kampuni moja ya Dar. Chini kabisa iliandikwa: "Asante kwa kuleta maziwaa." Maziwaa, kwa a mbili. Kosa hilo ni lake. Alilichapa mwaka 2021 usingizi ukiwa umemkaba, na hajawahi kulisahihisha kwa kuwa karani wa kituo chetu alilipenda, alisema linasomeka kama mtu anayevuta sauti. Duniani hakuna programu nyingine inayoandika maziwaa.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu vijana wengi wa hapa Tanga wanaoandika programu wananiuliza, "Niweke leseni gani?" kama wanaouliza saizi ya kiatu. Jibu linategemea mambo ambayo hawajayasema, na mara nyingine hawajayafikiria.

Programu yenyewe si kubwa. Upande wa Pongwe, nje kidogo ya mji, kuna kituo cha kukusanyia maziwa cha chama cha ushirika cha wafugaji. Asubuhi na jioni wanakuja, mmoja kwa baiskeli, mwingine kwa bodaboda, keni imefungwa kwa mpira wa tairi. Karani anatumbukiza laktomita kuona kama maziwa yameongezwa maji, anapima lita, anaandika. Zamani aliandika kwenye daftari, na kila mwisho wa mwezi palikuwa na ugomvi: mfugaji anadai alileta lita saba na nusu, daftari linasema saba. Mama mzazi wa mwenzangu ni mmoja wa wafugaji hao. Ndipo kijana akaandika programu ya kusajili kila ujazo, kutoa risiti ya karatasi nyembamba, na kutuma meseji kwa simu ya mfugaji. Aliijenga kwa lugha ya programu ya PHP, juu ya Laravel, kiunzi kilichoandikwa tayari na wengine. Mimi nilimsaidia sehemu ya meseji. Kijana wa tatu, ambaye sasa yuko Muscat, aliandika kipande kinachosoma mizani ya kidijitali kwa waya wa USB. Ushirika ulitununulia laptopu moja na ulilipa vocha za intaneti kwa miezi kadhaa. Hatukuandikiana chochote.

Msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, uliwekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kushirikishana kazi kama hizo, wazi kwa kila mtu.

"Uliweka leseni gani?" nikamwuliza usiku ule.

"MIT."

"Kwa nini MIT?"

"Ilikuwa fupi."

Simcheki, maana mimi mwenyewe zamani niliweka msimbo wangu bila leseni yoyote nikidhani nimeugawa bure. Kumbe sivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, programu ya kompyuta inalindwa kama maandishi mengine, na ulinzi unaanza pale unapoiandika, bila kuisajili popote. Tanzania iko pia ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994. Ukinyamaza, basi umezuia: watu wataona msimbo wako lakini hawana ruhusa ya kuutumia. Leseni ndiyo ruhusa yenyewe, na mwenzangu alikuwa ametoa ruhusa. Tatizo lake ni kwamba hakuisoma.

Leseni ya MIT, yenye asili yake katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology, ni aya tatu tu. Inamruhusu yeyote kutumia, kunakili, kubadilisha, kuunganisha na kazi nyingine, kuchapisha, kusambaza na kuuza. Kuuza kumetajwa humo kwa jina. Sharti ni moja: tamko la hakimiliki na maneno ya ruhusa hiyo yaende pamoja na kila nakala, au na sehemu kubwa ya kazi. Baada ya hapo linafuata kanusho, kwamba programu imetolewa kama ilivyo na mwandishi hadaiwi ikiharibika.

Kwa hiyo kampuni ile ya Dar iliyoiuza Muheza haikuiba. Ilipewa. Kumwambia hivyo kulinigharimu, alikata simu. Asubuhi akaja dukani kwangu Ngamiani, macho mekundu, tukanywa chai kwa mahamri, tukaifungua leseni na kulisoma lile sharti moja pamoja. Hapo tukaona kosa halisi. Mwenyeji wake wa Muheza alikuwa ametupigia picha ukurasa wa "Kuhusu" wa programu yao. Jina la mwenzangu halikuwepo. Maneno ya MIT hayakuwepo. Palikuwa na jina la kampuni tu na "haki zote zimehifadhiwa".

Mtu akidharau sharti la leseni huria, je, sheria inamshika, au ni adabu tu? Kesi inayotajwa sana ni ya Marekani, Jacobsen dhidi ya Katzer, 2008. Ilihusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea, na mahakama ya rufaa ilisema masharti ya leseni kama hizi ni masharti ya kweli, na anayeyavunja anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo. Lakini hoja yake inaeleweka hata barazani: niliyekuruhusu kupita shambani mwangu kwa sharti la kufunga lango, ukiliacha wazi ng'ombe wakaingia, usiniambie ulikuwa na ruhusa.

Mwenzangu alitaka wakili. Mimi nilitaka barua. Tukaandika barua, ya heshima, nusu ukurasa, tukieleza sharti na kuomba tamko lirudishwe. Baada ya wiki tatu picha nyingine ikaja kutoka Muheza: jina lake limo, chini kabisa, herufi ndogo kama za bei ya dawa. Sharti limetimizwa.

Hasira yake haikuisha, na hapo nikaelewa kwamba leseni aliyochagua haikuwa na uhusiano na alichokitaka. Akasema: "Basi nabadilisha. Naandika leseni yangu, hairuhusiwi kuuza."

Hili ndilo kosa ambalo naliona mara nyingi kuliko yote. Open Source Initiative, taasisi iliyoanzishwa 1998, ina vigezo kumi vya kuitwa chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kutumiwa na kubadilishwa. Cha kwanza kinataka leseni isimzuie mtu kuuza au kugawa, na cha sita kinakataza kubagua aina ya shughuli, biashara ikiwemo. "Hairuhusiwi kuuza" inakutoa kwenye kundi hilo papo hapo. Hizo zenye alama ya Creative Commons, leseni za picha na maandishi, zinazokataza biashara nazo haziokoi kitu. Creative Commons wenyewe wanashauri leseni zao zisitumiwe kwa programu.

Hilo la kigezo halikumgusa. Kilichomgusa ni fundi wa Makorora. Yuko fundi mmoja anayezunguka vituo vidogo, anafunga kompyuta, anaweka programu yetu, anachukua shilingi elfu thelathini na nauli. Bila yeye nusu ya vituo wasingeijua. Nikamwuliza mwenzangu: huyu anafanya biashara au hafanyi? Akakaa kimya. Leseni ya kukataza biashara ingemkamata fundi kwanza, kampuni ya Dar baadaye, maana kampuni ina wa kuisomea sheria na fundi hana.

Nikamwambia tusiendelee wawili peke yetu. Ushirika ulichangia, tukawaulize.

Tulifika kituoni asubuhi wakati keni zinagongana na karani anapiga kelele mtu asiruke foleni. Mwenyekiti ni mama wa makamo, mfugaji wa ng'ombe watano. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba wanangu, akatuketisha kwenye keni zilizogeuzwa chini juu. Mwenzangu akaeleza kwa uchungu kwamba kuna watu wanauza programu yetu Muheza. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Wao wakiiuza Muheza, ng'ombe wetu watapunguza maziwa?"

"Hapana, Mama."

"Programu yetu hapa itazimika?"

"Hapana."

"Sasa wewe unaumia wapi, mwanangu?"

Akafikiri kidogo, kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kuniambia mimi. Kinachomuuma si pesa. Kampuni ile imeongeza mambo mazuri: ripoti ya msimu, hesabu ya mikopo ya pumba. Vitu hivyo vimejengwa juu ya kazi yake na yeye haruhusiwi kuviona, kwa kuwa msimbo umefungwa usisomeke. Na kile kituo cha Muheza, kampuni ikiondoka, hakitakuwa na mtu wa kukirekebishia.

Mama Mwenyekiti akageukia upande wangu. "Kuna leseni ya hivyo?"

Ipo, na ina umri mrefu kuliko kijana huyu. Richard Stallman alianzisha mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, na leseni ya GPL ilitoka 1989, ya pili 1991, ya tatu 2007. Masharti yake kwa ufupi: chukua, badilisha, uza ukitaka, lakini ukimpa mtu mwingine programu hiyo, mpe na msimbo, na umpe kwa leseni ileile. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa kompyuta, inatumia toleo la pili.

Ila GPL ina mlango wa nyuma. Sharti lake linaamka pale unapompa mtu nakala. Kampuni ya Dar ilifunga nakala kwenye laptopu ya Muheza kwa sababu mtandao ni wa shida, lakini vituo vingine inavihudumia kwa seva yake; karani anafungua kwa simu tu. Hapo hakuna nakala iliyotolewa, kwa hiyo GPL haidai kitu. Kwa ajili hiyo ikatoka ndugu yake, AGPL toleo la tatu, Novemba 2007, inayosema ukibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, wape watumiaji hao nafasi ya kuupata msimbo wako uliobadilishwa.

Niliwaambia pia ubaya wake, maana sipendi kuuza dawa bila kusema inachefua. AGPL inawatisha wenye kampuni. Google wameandika hadharani kwamba hawaruhusu msimbo wa AGPL ndani ya kazi zao. Ukitaka programu yako ienee kila mahali bila mtu kuuliza, MIT, au BSD iliyo fupi na laini kama hiyo, itakufikisha mbali zaidi. Mifano yote miwili tunayo hapa nchini. DHIS2, inayotumika kukusanya takwimu za afya na iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, ina leseni ya BSD. OpenLMIS, ambayo juu yake ulijengwa mfumo wa kuagizia dawa za vituo vya afya, ina AGPL. Zote zimefika vijijini. Sasa mtu akikwambia leseni fulani ndiyo bora, mwulize bora kwa kazi ipi.

Tukakubaliana AGPL kwa programu kuu. Nilidhani kazi imekwisha. Ilikuwa ndiyo inaanza.

Kwanza, nani mwenye mali? Mtu hawezi kubadilisha leseni ya kitu kisicho chake. Kijana wa Muscat alichangia baada ya faili la MIT kuwekwa, kwa hiyo mchango wake uliingia kwa MIT, na msimbo wa MIT unaweza kuwekwa ndani ya kazi ya AGPL mradi tamko lake lisifutwe. Kisheria hatukulazimika kumwomba. Tulimwomba hata hivyo, ni ustaarabu, na akajibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne ambayo tatu zake zilikuwa malalamiko ya joto la Muscat. Angalia lakini kwamba njia hii ni ya upande mmoja. Kutoka MIT kwenda AGPL ni kuteremka mlima. Kesho tukitaka kurudi, itabidi kila aliyechangia chini ya AGPL akubali. Kuhusu ushirika na laptopu yake, tuliandika karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, kwamba hakimiliki ni ya walioandika, ushirika umeridhia leseni, na jina la ushirika litatajwa. Mama akasaini, akagonga muhuri mara mbili.

Pili, na hapa niliona haya, tulikuwa hatujui tumejenga juu ya nini. Kwenye PHP kuna amri, composer licenses, inayokutolea orodha ya maktaba zote ulizotumia, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, na leseni zake. Tuliiendesha kwa mara ya kwanza tangu 2021. MIT, MIT, BSD, MIT, ndefu kama foleni ya kituoni. Katikati ya orodha: mPDF, GPL toleo la pili pekee. Ndiyo maktaba iliyokuwa ikitoa risiti, ile ya maziwaa.

Maana yake ni nini? Kwa tafsiri ya Free Software Foundation, taasisi ya Stallman inayotoa GPL, ukisambaza programu yako ikiwa imeunganishwa na kazi ya GPL, mzigo wote unapaswa kwenda kwa GPL. Sisi tulikuwa tumeweka folda ya maktaba zote palepale GitHub, mPDF ikiwemo, na kibao cha MIT mlangoni. Kibao cha nyumba nzima, na chumba kimoja si chetu. Kampuni ya Dar nayo ilichukua nyumba pamoja na chumba hicho, ikafunga na kumuuzia mtu nakala. Huenda kosa lao kubwa lilikuwa hapo, lakini wa kulidai ni wenye mPDF, si sisi. Mwenzangu alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Kwetu tatizo lilikuwa jingine. GPL toleo la pili pekee haipatani na AGPL toleo la tatu. Masharti yao yanagongana na haziwezi kusambazwa kama kitu kimoja. Wala haipatani na Apache 2.0 ya 2004, leseni nyingine ambayo watu wengi huipenda kwa kifungu chake cha hataza, yaani haki za uvumbuzi. Tukang'oa mPDF, tukaweka dompdf, maktaba nyingine ya kazi hiyo, ambayo ina LGPL, ndugu mpole wa GPL, na haileti ugomvi huo. Kusema ni sentensi moja. Kazi ilikula jioni mbili, kwa sababu karatasi ya risiti ina upana wa milimita 80 na dompdf iliyapanga majina marefu tofauti, yakimwagikia mstari wa pili na kusukuma lita nje ya karatasi. Karani alikataa kuipokea hadi lita zirudi mahali pake.

Tatu sikuitegemea kabisa. Nikipekua historia ya msimbo nikakuta faili la majaribio la mwaka 2021: majina ya wafugaji, namba zao za simu na lita zao. Halikuwa la kubuni. Mwenzangu alilitumia kujaribu meseji, akalifuta baada ya siku mbili. Lakini kwenye Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo, ukifuta leo, jana bado ipo. Yeyote anayejua kurudi nyuma analiona. Leseni yoyote, iwe MIT au AGPL, inazungumzia msimbo wetu. Namba ya simu ya mfugaji si yetu kuigawa, na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tulilisafisha kwenye historia nzima, jambo lililovuruga nakala za kila mtu, na tukamwambia Mama Mwenyekiti ukweli. Alikasirika kuliko alivyokasirikia Muheza. Alitutaka tuwaeleze wafugaji wenyewe kwenye mkutano, tukasimama tukaeleza. Mzee mmoja aliuliza kama ndiyo sababu anapigiwa simu za bahati nasibu. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kipande cha kusoma mizani tulikitenga kikabaki MIT. Mwenzangu alipinga kidogo. Hoja yangu ni kwamba mizani si ya maziwa tu. Mpima samaki wa Deep Sea anaweza kukihitaji, na mwenye duka la nafaka, na hata kampuni za kutengeneza programu za mauzo. Hicho nataka kienee bila mtu kushtuka. Programu kuu ndiyo yenye kitu cha kulinda.

Matoleo yaliyotoka zamani kwa MIT yatabaki ya MIT kwa walioyachukua. Hilo nililirudia mara tatu, maana mwenzangu alitumaini leseni mpya ingerudi nyuma na kumkamata mtu. Kampuni ya Dar inaweza kuendelea na toleo lake hadi mwisho. Fundi wao alitupigia mara moja kuulizia sehemu mpya ya meseji. Tukamjibu karibu, ichukue, ila kwa AGPL, na wateja wenu wapewe msimbo. Akasema atamwuliza bosi.

Mwezi uliofuata kituo kimoja kidogo njia ya Muheza kilimwita fundi wa Makorora. Akaenda na flashi, akaweka toleo jipya, akachukua elfu thelathini na nauli. Mwenzangu aliposikia akaniuliza, "Na huyu kauza?" Nikamwambia kauza. Kwenye flashi ileile alikuwa amewaachia folda ya msimbo, kwa kuwa tulikuwa tumemsomea sharti. Siku chache baadaye akatutumia mabadiliko aliyoyafanya akiwa kule, mistari kumi na minne: nusu lita zilikuwa zikipotea kwenye jumla ya mwezi kila mfugaji alipoleta mara mbili kwa siku. Kosa hilo lilikuwepo tangu 2021, na daftari la karani lilikuwa na haki.

Tumeyaingiza, na jina lake limo kwenye orodha. Pia alikuwa amesahihisha maziwaa. Hilo tulilirudisha.